Chonge za Ng'ambo ya Reli

Kisahani kilinuka kitunguu saumu.

Nilikifunika haraka, nikakifunua tena, nikainama zaidi. Kitunguu saumu kabisa, na harufu ya chumvi kwa mbali. Ndani yake, kwenye maji ya uhai, yalielea machipukizi mawili ya chonge, kila moja dogo kama punje ya mtama, bado yameng'ang'ania kipande cha ufizi. Kwenye kiti, chini ya taa ya bluu, Arafa alikuwa ameachama akinisubiri. Ufizi wake nilikuwa nimeshautia ganzi.

"Kuna tatizo, daktari?" baba yake aliuliza. Bwana Mhando alikuwa amesimama karibu na dirisha, ameshika mkoba wa shule wa binti yake.

"Dakika moja tu," nilisema. "Arafa, pumzisha taya kidogo, mama."

Maabara hainuki kitunguu saumu. Hilo hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua. Machipukizi yetu, kwa maelezo ya Taasisi ya Kinywa Kipya, yanaoteshwa kwenye matangi, kutokana na chembe zinazokwanguliwa shavuni mwa mgonjwa mwenyewe. Mgonjwa anarudi baada ya miezi miwili, unampasua ufizi kidogo, unalilaza chipukizi, unatia kichocheo, na kabla mwezi haujaandama tena ana jino jipya lenye mzizi, gumu la kuvunjia mfupa. Taasisi nyingine zilijaribu zikapata meno yanayomeguka kama chaki ya ubaoni. Ya kwetu yalikuwa meno kweli. Tulipongezana sana kwa hilo, tukala keki, na hakuna hata mmoja wetu aliyeuliza kwa nini sisi tumeweza.

Arafa alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alizaliwa bila chonge za juu, jambo la kurithi katika ukoo wao, na alikuwa amejifunza kucheka akiwa ameziba mdomo kwa kiganja. Aliniambia siku ya kwanza kwamba kwaya ya shule ameiacha kwa sababu mwalimu anawataka wafungue midomo. Nikamwambia utaimba, nakuahidi. Huwa siahidi watoto, lakini huyu nilimwahidi, kwa kuwa mimi mwenyewe nimekulia na pengo pande zote mbili na najua wenzako wanavyokuita.

Nikatoka nje na kile kisahani mkononi, nikampigia Isingo wa maabara.

"Isingo, hiki kisahani kimetoka tangi gani?"

"Kimetoka... ah, daktari, samahani. Mashine ya kuoshea imegoma leo. Mgonjwa wako alikuwa wa haraka, tukakurushia moja kwa moja. Wewe suuza tu na ile chupa ya kijani."

"Moja kwa moja kutoka wapi?"

Nilisikia akifunga mlango upande wake.

"Isingo."

"Kutoka kituoni, daktari. Kituo chetu cha Mama na Mtoto, kule Ng'ambo ya Reli."

Nikaketi pale pale kwenye ngazi.

Mtu wa Vilele, mtaa wa matajiri ilipo Taasisi yetu, hawezi kujua kitunguu saumu kinafanya nini mdomoni mwa mtoto mchanga. Mimi najua kwa sababu nimezaliwa Ng'ambo. Kule mtoto wa miezi mitano akishikwa na homa na kuharisha, wanawake wanamfungua mdomo, wanapapasa ufizi, wanakuta vinundu viwili vyeupe vimevimba ndani, wanasema: nailoni. Mtoto ana meno ya nailoni, asipotolewa atakufa. Kwanza wanasugua kwa kitunguu saumu na chumvi. Homa isipotulia anapelekwa kwa bibi fulani mwenye njiti ya baiskeli iliyonolewa, vinundu vinachimbuliwa, mtoto analia mpaka sauti inakauka. Mimi nilichimbuliwa hivyo. Na vinundu vyenyewe si nailoni, si plastiki, si uchafu wowote. Ni chonge za mtoto, zimelala zinasubiri siku yake. Kuharisha kunatoka kwenye maji, na maji ya Ng'ambo unaweza kuyanusa kabla hujayaona.

"Tunafanya nini na kituo kule?" nilimuuliza Isingo.

"Tunaondoa nailoni. Bila maumivu, bila damu, bure. Kina mama wanapanga foleni wenyewe, daktari, hatumlazimishi mtu."

"Isingo, hakuna kitu kinachoitwa nailoni."

"Najua."

"Unajua."

"Kila mtu huku chini anajua. Tuliamini nanyi huko juu mnajua, mnanyamaza tu." Alishusha pumzi. "Matangi hayajawahi kutoa jino gumu, daktari. Hata moja. Lazima chipukizi litoke kwenye ufizi ulio hai."

Ulimi wangu ulikwenda wenyewe kwenye chonge yangu ya kulia, kisha ya kushoto. Taasisi iliniotesha zote mbili mwaka niliojiunga nayo. Walisema ni zawadi ya mtumishi mpya, na picha yangu nikicheka wakaibandika mapokezi.

 Nikabaki natema mate kwenye chungu cha maua kama mwendawazimu.

"Huyu wa leo ni nani?" niliuliza nilipoweza kuongea.

"Daktari, achana na hayo. Mpandikizie huyo mtoto uliye naye. Usipofanya hivyo yanakufa bure, na wa kule harudishiwi chochote."

"Nimekuuliza ni nani."

"Sechelela. Wa kike. Katolewa asubuhi hii." Alisita. "Mama yake bado yupo pale. Huwa tunawabakiza mpaka dawa ya usingizi iwaishe watoto."

* * *

Chipukizi likiwa kwenye maji ya uhai linadumu saa chache tu. Baada ya hapo linageuka rangi, linalegea, basi. Na ufizi uliochimbuliwa kwa mwale wa leza unakaa wazi muda huohuo, kisha unajifunga. Kwa hiyo mpaka adhuhuri yale machipukizi yalikuwa na pa kwenda pawili: kwa Arafa, ambako yangeshika bila shaka yoyote, kwa kuwa nimeshafanya kazi hiyo mara nyingi na mkono wangu haujawahi kuniangusha, au kwa mwenyewe, mtoto wa miezi mitano mwenye homa, jambo ambalo sijawahi kusikia mtu yeyote amelijaribu.

Nilimwita Bwana Mhando ukumbini nikamweleza kila kitu. Sikumficha, kwa sababu nilitaka akasirike. Nilitaka mwenzangu wa kukasirika naye.

Hakukasirika. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Mimi sikumkata mtoto wa mtu," alisema taratibu.

"Hapana."

"Na wewe hukumkata."

"Hapana."

"Basi tukiyatumia tunamkosea nani? Yameshatolewa, daktari. Dhambi imeshafanyika, na aliyeifanya ashitakiwe, mimi nitakuwa wa kwanza kutoa ushahidi. Lakini ukiyapeleka huko yakafa njiani, au yakamletea mtoto wa watu usaha, utakuwa umepoteza watoto wawili badala ya mmoja. Kwa Arafa yataishi. Kweli si kweli?"

"Kweli."

"Sasa?"

Lilikuwa swali zuri. Nililichukia kwa uzuri wake. Yule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa baba aliyebeba mkoba wenye picha za vipepeo, na kila alichosema ningeweza kukisema mimi kwenye semina nikapigiwa makofi.

Ila nilikuwa nimeshawahi kuisikia hoja hiyo. Ndiyo waliyotuambia walipokausha chemchemi ya Ng'ambo kujaza matangi ya maji ya Vilele: bomba limeshalazwa, kulifukua sasa ni hasara. Ndiyo waliyotuambia kiti cha pili cha zahanati yetu ya meno kilipohamishiwa huku: kimeshafungwa, kukifungua kutakiharibu. Wakatuachia kiti kimoja, na tiba moja, nayo ni koleo. Ng'ambo jino likitoboka linang'olewa. Likiuma linang'olewa. Ukienda unaulizwa lipi tu. Watoto wa Vilele wanapakwa meno utando wa kinga shuleni kila muhula, na watoto wa Ng'ambo wanakunywa soda kwa sababu soda ndiyo maji pekee dukani yasiyowaumiza tumbo, kisha tunawaandikia ripoti kwamba hawajui kupiga mswaki. Kila kitu kikishafika Vilele kinakuwa kimeshafika. Kukirudisha ndiko kunakoitwa ukatili. 

"Bwana Mhando," nilisema, "kama mtoto aliyekatwa angekuwa Arafa, ungetaka nifanye nini?"

Alitazama chini. "Usiniulize hivyo."

"Nakuuliza hivyo hivyo."

"Ningetaka uyarudishe," alisema. "Lakini si Arafa. Na mimi ni baba wa Arafa."

Namheshimu kwa hilo kidogo, hata sasa.

Kumwambia Arafa kulikuwa kugumu zaidi. Nilikaa kwenye kigoda changu, nikazima taa ya bluu. Nilimweleza kwamba meno haya ni ya mtoto mchanga, yamechukuliwa kwa udanganyifu, na lazima niyarudishe kabla hayajafa. Nilidhani atauliza habari za huyo mtoto. Watu wanapenda kusema watoto wana mioyo safi. Arafa alinitazama, midomo yake imelegea kwa ganzi, machozi yakimjaa.

"Uliniahidi," alisema.

"Najua."

"Uliniahidi, daktari!"

 Nilikitia kisahani kwenye kasha la baridi, nikatoka, na kilio chake nikakisikia mpaka kwenye lifti.

* * *

Kituo cha Mama na Mtoto kilikuwa jengo safi kuliko jengo lolote Ng'ambo ya Reli. Ukutani walikuwa wamechora vichanga vinavyocheka kwa vinywa vyao vya kibogoyo, na juu ya mlango taa zinaandika na kufuta: NAILONI KWISHA. Mtu msomi alikaa akabuni maneno yale. Mtu aliyesoma muundo wa taya, akafaulu mtihani wa taya, alilikuta kosa la bibi zetu, akaona asilisahihishe bali alifungulie ofisi.

Koti langu jeupe lilinipitisha. Muuguzi wa zamu alidhani nimekuja kukagua, akanifungulia wodi mwenyewe. Kina mama walikuwa wameketi kwenye benchi kando ya dirisha, kila mmoja na mtoto mapajani, kila mtoto na pamba mdomoni.

"Mama Sechelela ni nani?" niliuliza.

"Ni mimi." Mwanamke aliyevaa kanga ya kijani aliinua uso, akanitazama, akakunja paji. "Ngoja. Wewe si Nyemo? Nyemo Pengo wa darasa la nne?"

"Yudita?"

"Pengo! Jamani, Pengo amekuwa daktari!" Aliwageukia wenzake akicheka. "Huyu tulikuwa tunakaa dawati moja."

Nilipiga magoti mbele yake, nikaweka kasha sakafuni. Sikuwa na muda wa salamu ndefu, naye aliliona hilo, akaacha kucheka.

"Yudita, vile vitu walivyomtoa mtoto asubuhi ninavyo hapa. Nimekuja kumrudishia. Nahitaji ruhusa yako sasa hivi."

Alimkumbatia mtoto kifuani. "Vitu gani? Nailoni?"

"Si nailoni."

"Unirudishie nailoni? Una wazimu wewe? Mtoto ameharisha tangu juzi, macho yameingia ndani, nimeona namzika. Wamemtoa, angalia, amelala. Wacha alale."

"Amelala kwa dawa ya usingizi, Yudita. Anaharisha kwa sababu ya maji. Hivi ni vitoto vya meno, chonge zake. Kila mtoto duniani anavyo, na wa Vilele pia, ila wale hawavitoi."

"Mama alitolewa. Mimi nilitolewa. Wadogo zangu wote."

"Na mimi nilitolewa, unajua."

"Najua," alisema. "Na bado ukawa daktari."

 Nilikuwa na picha, nilikuwa na maelezo ya chembe na mizizi, na yote hayo hayakuwa na nguvu mbele ya sentensi ile. Mwanamke alikuwa ananitumia mimi kama ushahidi dhidi yangu. Jua lilikuwa limeshakaribia utosini, na kwenye kasha taa ya njano ya kuonya kwamba muda unakwisha ilianza kuwaka.

Kisha Yudita akainamisha kichwa upande.

"Cheka," alisema.

"Nini?"

"Cheka nikuone."

Nilifunua meno. Halikuwa cheko hata kidogo. Alinishika kidevu kama tunavyowashika wagonjwa, akanigeuza kuelekea dirishani.

"Umeota chonge, Nyemo. Ukubwani."

"Walinipandikizia. Nilipoajiriwa."

"Za nani?"

Kwenye benchi kina mama wote walikuwa wamenigeukia. 

"Sijui," nilisema. "Mpaka leo asubuhi nilidhani ni zangu. Walituambia zinaoteshwa kwenye tangi. Hakuna tangi, Yudita. Zinatoka hapa, kwenye benchi hili. Za Sechelela nililetewa mimi niziweke kwa mtoto mwingine. Nimemwacha kwenye kiti, ufizi una ganzi, analia."

"Mtoto wa wapi?"

"Wa Vilele."

Alimpangusa mtoto mate kidevuni, polepole. Sikuthubutu kumharakisha.

"Kwa hiyo kule juu kuna mtu anaisubiri nailoni ya mwanangu," alisema hatimaye.

"Ndiyo."

"Ili aiweke mdomoni."

"Ndiyo."

Alicheka, cheko kavu lililomtoka puani. "Basi si ugonjwa. Ugonjwa wangetuachia. Maji ya kuhara wametuachia. Moshi wa dampo wametuachia. Kipindupindu kilipokuja walifunga njia. Tangu nizaliwe sijaona ugonjwa wetu hata mmoja waliokuja kuuchukua kwa gari la baridi." Akamlaza mtoto chali mapajani, akamtoa pamba mdomoni, akamfungua midomo kwa vidole viwili. "Rudisha."

Nilifanya kazi nimepiga magoti. Ufizi wa mtoto mchanga ni laini mno, na vidonda vilikuwa vimeanza kujifunga kingo. Nililaza la kulia, nikatia gundi ya kuponyeshea, nikasubiri ikamate. Nililaza la kushoto, likateleza, likaangukia ulimini. Nikaliokota kwa ncha ya koleo, nikalilaza tena. Nyuma yetu muuguzi alikuwa anapiga kelele kwenye simu kwamba kuna daktari amechanganyikiwa. Sikutia kichocheo. Haya yalikuwa na miezi yake ya kusubiri, kama alivyopangiwa mwenyewe.

"Yatashika?" Yudita aliuliza.

"Sijui. Naweza kusema yana nafasi. Chemsha maji, kila tone. Mpe ya chumvi na sukari mpaka aache kuharisha, na mnyonyeshe. Usiruhusu mtu amsugue ufizi, hata mama yako."

"Mama atagomba."

"Agombe."

Nilikuwa nafunga kasha nilipoona miguu ya mtu mbele yangu. Mwanamke mnene, sikumfahamu, mgongoni ana kichanga chenye pamba mdomoni na mkononi amemshika binti wa miaka kama mitatu. Alimwinua yule mkubwa, akamfungua mdomo. Pande zote mbili palikuwa na pengo, ufizi umejifunga ukang'aa.

"Za huyu ziko wapi?" aliuliza.

"Alitolewa hapa?"

"Hapahapa. Kilipofunguliwa tu. Alikuwa wa kwanza kwanza, wakatupiga picha."

"Zimeshaota, mama," nilisema. "Samahani. Zikishaota hazirudi."

"Zimeota wapi?"

 Yudita alikuwa anamfunga Sechelela mgongoni. Alikaza fundo la kanga, akanitazama bila chuki na bila huruma, akasema, "Mwonyeshe, Nyemo."

Kina mama wengine walikuwa wameshasimama. Hakuna aliyewapanga, na hakuna aliyesukuma. Wamezoea kusubiri zamu kwenye jengo lile. Nilihesabu mwaka niliopandikiziwa mimi na mwaka kituo kilipofunguliwa, na ni mwaka uleule. Nikaketi kwenye benchi nikaelekea dirishani, mwanga ukanipiga usoni, nikaachama. Yule mwanamke aliinama akachungulia, akaingiza kidole, akaigusa chonge yangu ya kulia, kisha ya kushoto, akamtazama binti yake mdomoni, akanitazama mimi tena kwa muda mrefu.  Alisogea pembeni, akampisha mwenzake.